Wati za kwenye Boksi Hazisikiki Mlangoni

Magari mengi ya Busia, Malaba na Tororo yalianza maisha Japani. Yalishushwa bandarini Mombasa, yakapandishwa kwa barabara hadi mpakani mwa Kenya na Uganda, na leo ndiyo yanayojaza vituo pande zote mbili: Toyota Wish, Premio, Probox, Noah na Hiace za abiria. Kila moja lilitoka kiwandani na redio iliyotengenezwa kusikiliza stesheni za Japani, ambako FM kwa miongo mingi ilikaa kati ya megahezi 76 na 90. Kenya na Uganda hurusha hadi megahezi 108. Mwenye gari akiwasha redio kwa mara ya kwanza Busia hupata kipande kidogo tu cha chini, na stesheni nyingi anazozijua hazipo. Basi anampelekea fundi.

Fundi huweka kifaa kidogo cha kusogeza masafa, au huing'oa redio nzima na kuweka ya skrini. Kazi ikiwa bado mezani, swali la pili hufuata: "Boss, na spika je? Ziko za wati mia tano." Boksi linashushwa kutoka rafuni. Limechorwa moto, namba kubwa za dhahabu, na jina la kampuni inayojulikana au jina linalofanana nalo. Mnunuzi hutazama namba, hupima ukubwa kwa macho, hupatana bei, na saa moja baadaye gari linaondoka na sauti kubwa kuliko ile lililokuja nayo. Wiki chache baadaye sauti hiyo inakwaruza, mlango unatetemeka, na mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika kama anazungumza ndani ya pipa.

Kubadilisha spika za kiwandani ni uamuzi mzuri, na kwa gari la umri wa kawaida hapa mpakani ni miongoni mwa matumizi bora ya fedha ambayo mwenye gari anaweza kuyafanya baada ya breki, matairi na mafuta ya injini. Tatizo liko kwenye kitu kinachonunuliwa na namna kinavyofungwa. Watu wananunua namba iliyochapwa kwenye karatasi, namba ambayo hakuna mamlaka iliyoipima, kisha wanamlipa fundi kidogo mno kwa ile sehemu ya kazi inayoamua kila kitu.

Spika ya kiwandani nayo inastahili haki yake. Wahandisi wa Toyota, Nissan na Honda hawakuwa wazembe walipoichagua. Walihitaji kitu chepesi, cha bei nafuu, kinachotoa sauti ya kutosha kwa redio ndogo isiyo na nguvu nyingi, na karatasi nyepesi yenye sumaku ndogo hutimiza hayo yote. Spika hiyo ikiwa nzima, na mwenye gari anasikiliza habari na mahubiri tu, hana sababu ya kuigusa. Lakini haikuundwa iishi milele. Wish za kizazi cha kwanza zilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2009, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa imeshapita miaka 15. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka minane. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018, na magari yaliyoingia kabla ya hapo bado yanapiga kazi kila siku.

Ukiifungua paneli ya mlango wa mbele wa gari la namna hiyo, utaona miaka ilikopita. Koni ya karatasi imegeuka rangi kutoka nyeusi kuwa ya kijivu au kahawia. Ukingo wake, ile sehemu laini inayoiruhusu koni kwenda mbele na kurudi nyuma, umekauka na kupasuka kama ni wa sponji, au umelegea kwa unyevu. Eneo hili hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na mlango wa gari si mahali pakavu: maji huteremka kando ya kioo, hupita ndani ya bati na kutoka kwa vitundu vya chini. Vumbi la muramu nalo huingia na kukaa kwenye koili. Karatasi iliyolowa na kukauka mara elfu haiwezi kutoa sauti iliyotoka nayo kiwandani. Redio mpya ya bei kubwa ikiunganishwa na spika hiyo itaonyesha picha nzuri kwenye skrini na kutoa sauti ileile ya zamani.

Spika inayochukua nafasi yake kwa urahisi zaidi ni ya koaksiali. Maana yake ni rahisi: wufa na twita zimekaa kwenye mhimili mmoja, twita ikiwa imesimama katikati ya koni kubwa. Wufa hushughulikia besi na sauti ya mtu, twita hushughulikia kinanda cha juu, kayamba, na zile herufi za s na sh zinazofanya maneno yaeleweke. Wazo hili ni la zamani kuliko redio ya gari kama tunavyoijua. Katika miaka ya 1940 Altec Lansing ya Marekani na Tannoy ya Uingereza tayari zilikuwa zikitengeneza spika za mhimili mmoja kwa ajili ya studio na kumbi. Uzuri wake kwa gari ni kwamba hutoshea kwenye tundu lilelile la mlango, hutumia waya zilezile mbili, na hazihitaji kutoboa mahali pengine pa kuweka twita. Milango mingi ya mbele ya Toyota hubeba spika ya takriban inchi sita na nusu, na huo ndio ukubwa unaopatikana karibu kila duka la redio za magari, kuanzia Nairobi hadi Kampala.

Wapo wanaopendelea spika za vipande, ambazo wufa hukaa mlangoni, twita hukaa juu karibu na kioo cha pembeni, na kisanduku cha kugawa sauti hufichwa katikati. Zikifungwa vizuri hushinda koaksiali, hasa kwa sababu sauti ya juu husafiri kwa mstari ulionyooka, na twita iliyo chini mlangoni huimbia miguu. Lakini zinataka fundi mwenye muda, waya mpya, na mteja aliye tayari kulipa siku nzima ya kazi. Kwa Probox ya kubeba mitumba au Wish ya teksi, koaksiali yenye twita inayoweza kugeuzwa kumwelekea msikilizaji inatosha kabisa.

Sasa zile wati.

Karibu kila redio ya gari huandikwa usoni au kwenye boksi kuwa ni ya wati 50 mara nne. Namba hiyo ina asili yake, na inafaa kila mnunuzi aijue. Betri ya gari, injini ikizunguka na chaji ikiingia, hutoa takriban volti 14.4. Spika nyingi za magari zina ukinzani wa omu 4. Chukua 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4, unapata 51.84. Hiyo ndiyo wati 50 ya kwenye boksi: nguvu ambayo ingetoka kama redio ingesukuma umeme wote wa betri moja kwa moja kwenye spika, bila muziki, ikitoa mkwaruzo mtupu. Wimbi safi la sauti hupata nusu ya hiyo tu, chini ya wati 26, na baada ya hasara za ndani ya redio yenyewe kinachobaki kwa kawaida ni kati ya wati 15 na 22 kwa kila spika. Hakuna ujanja wa duka unaoweza kuipita hesabu hiyo bila kuongeza amplifaya ya pembeni yenye waya wake mnene kutoka kwenye betri.

Kwa hiyo spika iliyoandikwa wati 500, ikiunganishwa na redio inayotoa wati 20, itapata wati 20. Namba ya 500 haiongezi chochote. Na hata kwa spika yenyewe, hiyo 500 kwa kawaida ni kilele, yaani kile kinachodaiwa kuvumiliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Namba yenye maana ni ile ya mfululizo, inayoandikwa kwa herufi RMS, na kwenye spika ya kweli ya inchi sita na nusu mara nyingi huwa kati ya 30 na 80. Boksi lisiloitaja RMS popote linamficha mnunuzi jambo.

Kuna namba nyingine ambayo ni nadra kuulizwa Busia, nayo ndiyo inayosikika: wepesi wa spika, unaopimwa kwa desibeli kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 na ya desibeli 86 zikipewa umeme uleule, ya kwanza itatoa sauti ambayo ya pili ingehitaji umeme mara nne ili kuifikia. Kwa mtu asiye na amplifaya, na wengi hapa hawana, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya wati kwenye boksi. Spika nzito iliyotengenezwa kupokea nguvu nyingi, yenye koni ngumu na koili kubwa, huweza kusikika dhaifu kuliko ile ya karatasi iliyotolewa. Mteja hurudi dukani akilalamika kuwa ameuziwa feki, kumbe ni spika halisi iliyonunuliwa kwa kazi isiyo yake.

Matokeo mabaya zaidi huja pale mtu anapoizungusha sauti hadi mwisho ili kuzitafuta zile wati 500. Redio ikilazimishwa kupita uwezo wake, vichwa vya mawimbi hukatwa, na sauti inayotoka hujaa mkwaruzo wa masafa ya juu. Mzigo huo huangukia twita. Kwenye koaksiali ya bei ndogo, twita hulindwa na kapasita moja tu inayozuia besi isiifikie, na kapasita hiyo haiwezi kuzuia mkwaruzo. Twita huungua, na wufa inaendelea peke yake, na ndipo mtangazaji anapoanza kusikika kama yumo pipani.

Feki zipo, na ni nyingi. Pioneer, Kenwood, Sony na JBL ni majina yanayoigwa kwa sababu watu wanayaamini. Ujanja mmoja wa kawaida ni kifuniko cha plastiki kinachovishwa juu ya sumaku ndogo ili ionekane nene na pana. Dawa yake iko mkononi mwa mnunuzi. Aishike spika aipime uzito, agonge mgongo wake kwa ukucha asikie kama ni plastiki au chuma, asogeze bisibisi karibu na sumaku aone inavutwa kwa nguvu gani, kisha aibonyeze koni kwa vidole vya mikono miwili, taratibu na sawasawa. Ikikwaruza, koili imekaa upande. Muuzaji mkweli hatamkataza kufanya hayo.

Lakini hata spika bora hushindwa kwenye mikono yenye haraka, na hapa ndipo wasomaji wanaopita kwa mafundi wa kandokando ya barabara wanapaswa kusimama na kutazama.

Toyota nyingi hazifungi spika kwa skrubu. Huzipiga ribiti moja kwa moja kwenye bati la mlango, na fremu ya plastiki ya spika ya kiwandani ndiyo pia inayoinyanyua mbali na bati. Fundi hutoboa vichwa vya ribiti kwa drili. Chembe za chuma humwagika ndani na nje ya mlango, nyembamba kama nywele. Fundi makini huzifagia, hubandika tepu na kuibandua ili izinase zilizobaki, na hupaka rangi kidogo kwenye matundu ili bati lisishike kutu. Fundi mwenye haraka huiweka spika mpya papo hapo, na sumaku yake huzinyonya chembe hizo zote. Baadhi huingia kwenye mwanya mwembamba wa koili na kuanza kuisugua. Mteja ataambiwa baadaye kuwa spika ilikuwa mbovu tangu dukani.

Kisha kuna kina. Spika ya dukani mara nyingi ina mgongo mrefu, na kioo kikishushwa hupita karibu sana nyuma yake. Bila pete ya plastiki au ya mbao ya MDF ya kuiinua, kioo kitagonga sumaku siku ya kwanza kitakaposhushwa hadi chini. Pete hiyo pia huziba mwanya kati ya spika na bati. Sauti ya mbele na ya nyuma ya koni zikikutana kupitia mwanya huo, besi humezwa, na ndiyo maana spika mpya iliyofungwa kwa skrubu mbili kati ya nne husikika nyembamba kuliko ya zamani.

Nailoni nayo. Nyuma ya paneli kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, kazi yake ikiwa kuzuia maji yasiingie kwenye paneli na sakafuni. Mafundi wengi huichana katikati na kuiacha ikining'inia. Mvua ya kwanza ya msimu, zulia la gari linalowa, na mwenye gari humlaumu mwosha magari. Kuirudisha nailoni na kuigandisha upya ni kazi ya dakika chache. Ni haki ya mteja kuidai.

Kuna pia suala la chanya na hasi. Spika nyingi za dukani zina vidole viwili vya kuunganishia waya, kimoja kipana na kimoja chembamba, na kile kipana ndicho chanya. Waya za gari hazisemi lolote mpaka mtu azijaribu. Fundi anayejali huchukua betri ya kawaida ya tochi, volti moja na nusu, na kuigusisha kwenye ncha za waya upande wa redio kwa sekunde moja: koni ikiruka mbele, chanya imekutana na chanya, ikirudi nyuma, waya zimepishana. Spika moja ikiunganishwa kinyume cha mwenzake, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hupotea katikati ya gari. Kosa hili ni la kawaida mno, na halionekani kwa macho. Mwenye gari anaweza kulitambua mwenyewe: akae kiti cha dereva, aweke stesheni yenye mtu anayezungumza, asikilize. Sauti ya mtangazaji inapaswa kutoka katikati ya dashibodi. Ikitawanyika pembeni bila mahali pa kukaa, na besi ikirudi pale balansi inapozungushwa upande mmoja, amrudie fundi kabla hajalipa.

Na waya zenyewe zisikatwe ovyo. Soketi ya kiwandani ikikatwa, gari hilo limepoteza njia rahisi ya kurudishwa lilivyokuwa, na kila fundi atakayekuja atakuta mafundo ya tepu iliyoyeyuka kwa jua. Vipo viunganishi vya bei ndogo vinavyochomekwa kwenye soketi ya Toyota au Nissan bila kukata chochote. Kama havipo, waya zichomelewe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Mteja anayelipa kidogo hawezi kutarajia haya yote. Bei ya kazi ya fundi inapaswa kupanda, na bei ya namba za uongo kwenye boksi inapaswa kushuka. Mwenye fedha za kutosha spika nne za wastani zilizofungwa kwa kukurupuka atapata zaidi akinunua mbili nzuri na kumlipa fundi mchana mzima.

Mbili hizo ziende mbele. Hapa mpakani kuna mapenzi makubwa ya zile spika za umbo la yai, inchi 6 kwa 9, zinazokaa juu ya ubao wa nyuma wa Premio na Corolla. Zina sifa zake: koni ni kubwa, na buti la gari huwa kasha lake, kwa hiyo besi hupatikana kwa urahisi. Lakini dereva hukaa mbele, na abiria anayezungumza naye hukaa mbele. Sauti inayotoka nyuma ya kisogo ikizidi ile ya mlangoni, dereva huongeza sauti ili asikie maneno, na wa nyuma ndio wanaoumia. Wish na Noah hazina hata ubao huo, na watu huishia kukata paneli za nyuma au kubeba kasha linalokula nafasi ya mizigo.

Magari ya abiria yana hesabu nyingine, na si ya muziki tu. Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Uganda ilikuwa na zake tangu 2003. Kanuni za kazini za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kondakta wa matatu yenye kasha la besi chini ya kiti huishi ndani ya kelele ya namna hiyo tangu alfajiri hadi usiku, na hana mwajiri anayempima masikio. Spika safi za mbele na za kati, zenye twita inayosikika, huruhusu sauti ishushwe na maneno yaeleweke. Hilo ni jambo la afya ya vijana wanaofanya kazi hiyo.

Madereva wa malori wanaopanga foleni Malaba na Busia ndio wanaostahili spika nzuri kuliko wote. Hao hulala ndani ya kabini, hula ndani ya kabini, na redio ndiyo jamaa yao njiani kutoka Mombasa hadi Kampala na kuendelea. Lori hutumia umeme wa volti 24, na redio ya gari dogo ya volti 12 ikiunganishwa bila kifaa cha kushusha umeme huungua. Wengine huunganisha redio kwenye betri moja kati ya mbili ili kupata volti 12, na betri hiyo hufa mapema kuliko mwenzake kwa sababu hutumika peke yake. Spika zenyewe hazijali kama gari ni la volti 12 au 24, zinajali redio. Dereva wa lori akinunua spika za mlango afikirie kwanza kifaa hicho cha kushusha umeme.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na biashara halali ya wadogo imekuwa rahisi zaidi tangu hapo. Lakini utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti chepesi cha asili, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Spika ya kutoka China au Indonesia haimo. Ndiyo maana nyingi huvushwa kimyakimya, kwenye bodaboda na mikobani, na zinapoharibika hakuna risiti, hakuna dhamana, hakuna pa kurudi. Mnunuzi wa Busia ya Uganda aliyepata spika kutoka upande wa pili hana wa kumshtaki, na wa Busia ya Kenya vilevile.

Wenzetu walishapita hapa. Marekani mwaka 1974 iliwalazimu watengenezaji wa vikuza sauti vya nyumbani kutangaza wati kwa kipimo kimoja kinacholingana, kwa sababu matangazo ya wati yalikuwa yamegeuka mashindano ya kusema uongo. Mwaka 2003 chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha nchi hiyo kilitoa kiwango cha CEA-2006 kwa amplifaya za magari: omu 4, volti 14.4, na mkwaruzo usiozidi asilimia moja. Kiwango hicho ni cha hiari, lakini boksi lenye alama yake limeahidi namba iliyopimwa. Redio ya wati 50 mara nne ikipimwa hivyo hurudi kwenye wati zake 15 hadi 22, na mnunuzi anajua anachokipata.

Afrika Mashariki ina vyombo vya kufanya hivyo. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, limekuwa likikagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja Kenya tangu 2005, na lile la Uganda, UNBS, lina mpango kama huo. Jumuiya yenyewe ilipitisha sheria ya viwango, ubora, vipimo na upimaji mwaka 2006. Stika ya KEBS hubandikwa kwenye maboksi ya spika zilizoandikwa wati ambazo fizikia haiziruhusu, na watu huichukulia stika hiyo kuwa ushahidi kwamba namba ni ya kweli. Chombo cha serikali kinapoacha jina lake likae karibu na namba ya uongo, kinaikopesha namba hiyo heshima ya umma. Hilo linapaswa kukoma. Si lazima kuzuia bidhaa yoyote. Inatosha kudai kila boksi la redio au spika ya gari liandikwe wati za mfululizo, ukinzani wa omu, na desibeli kwa wati moja, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa namba nyingine yoyote iliyomo.

Wauzaji watasema wateja hawajui maana ya desibeli, na kwamba boksi lisilo na namba kubwa halinunuliki. Miaka michache iliyopita wateja hao hao hawakujua maana ya megapikseli wala gigabaiti, na leo hakuna kijana wa Busia anayenunua simu bila kuziuliza. Watu hujifunza namba wanapopewa namba za kweli. Na kwa asiye na uwezo wa kununua mpya, spika zilizotolewa kwenye magari ya Japani yaliyovunjwa, zikiwa na ukingo mzima wa raba na koni isiyolowa, mara nyingi huwashinda majirani zao wapya wenye maboksi ya dhahabu kwa bei ileile. Mafundi wengi wa hapa wanalijua hilo. Wengine huziweka kwenye magari yao wenyewe.

Kabla hujaenda kwa fundi mwisho wa mwezi huu, pima tundu la mlango wako na uandike ukubwa wake. Uliza RMS, uliza desibeli, na muuzaji akishindwa kujibu, nenda duka la pili. Chagua koni ya plastiki yenye ukingo wa raba, kwa sababu ya mvua zetu. Anza na milango ya mbele. Kisha mlipe fundi vizuri, simama karibu naye, na usiondoke mpaka nailoni imerudi mahali pake na kioo kimeshuka hadi chini bila kugonga kitu.